Maiti Mwenye Masharubu

Kwa mwezi mzima na ushei Devadanam alikuwa akifa kila Ijumaa, na kila akirudi nyumbani kutoka kufa alikuwa na hasira.

"Leo nimekufa vibaya," aliniambia mara ya kwanza, akivua viatu kwenye mlango wa jikoni. "Wamenilaza juu ya zulia linalonuka samaki. Na Bwana Sastry amenililia mpaka kamasi zikanidondokea shingoni."

Alikuwa dereva katika nyumba niliyofanya kazi, mtaa wa Aziziya, Jeddah. Mimi ni Rael, mtu wa Kericho, niliyeingia Saudia mwaka 2013 na lile wimbi la wasichana waliokuwa wakishushwa uwanja wa ndege kwa mafungu, fulana zetu rangi moja ili tusipotee. Devadanam alitoka India, kijiji kimoja karibu na mto Godavari, na alipoanza kazi hapa mimi nilikuwa bado nachapwa shule ya msingi. Mwenye nyumba, na kafili wetu sote wawili, yaani mdhamini wa kazi, alikuwa Bwana Hilal. Lakini aliyetawala nyumba ni mama yake, Bibi Jokha, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Jeddah na wazazi wake baada ya mapinduzi ya 1964, na ambaye mpaka leo hajakubali kwamba Kiarabu ni lugha ya kumtuma mtu sokoni. Ukiwa dereva wake ulijifunza Kiswahili au ulilia.

Devadanam alijifunza. Kwa hiyo huyu Mhindi mwenye kifua cha pipa na masharubu yaliyosokotwa kuelekea mbinguni alikuwa akizungumza Kiswahili cha bibi kizee wa Mji Mkongwe. Aliponichukua uwanja wa ndege nilimwambia, "Sasa uncle, tunaenda wapi?" Akanitazama kwenye kioo kwa huzuni.

"Weye mwana, kwenu hakuna salamu? Mtu huanza na shikamoo, kisha ndiyo akauliza apelekwapo."

Nilikuwa nimesafiri mpaka Arabuni kufunzwa adabu za Kiswahili na Mhindi wa kabila la Watelugu. Nilimchukia wiki nzima, halafu nikaona siwezi kukaa jikoni bila yeye.

Jikoni kulikuwa na rafu ndogo karibu na dirisha, yenye kikombe changu cha buluu na bilauri ya chuma ya Devadanam. Vikombe vya nyumba vilikaa kabati la juu. Hakuna aliyenikataza kabati la juu. Nilionyeshwa tu siku ya kwanza, hiki ndicho chako, nami nikaona ni heshima, maana kwetu tulikunywa chai kwa zamu, watoto watatu kikombe kimoja. Nilipomwambia Devadanam hivyo alicheka mpaka akashika friji.

"Mwanangu, hicho kikombe mie nakijua tangu sijaota meno," akasema. "Kwetu kikitundikwa nje ya mkahawa, kwenye msumari. Wanywa chai yako umechutama barabarani, kisha wakisuuza mwenyewe, wakitundika tena."

Ndipo akanieleza kwamba yeye ni Mdalit, watu waliowekwa chini kabisa ya ngazi ya matabaka ya kwao, kiasi kwamba aliye juu hatii mdomoni kitu kilichopita mdomoni mwao. Babu yake alibatizwa na wamisionari akitumaini mambo yatabadilika. Lilibadilika jina lake tu. Kikombe kilibaki msumarini. Na masharubu nayo yalikuwa na kisa. Mjomba wake alipigwa na vijana wa mwenye mashamba kwa sababu aliyasokota ya kwake kuelekea juu, na kule masharubu ya juu yana wenyewe. Devadanam alipofika Jeddah, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa mafuta ya kuyasokotea.

"Hapa angalau kikombe kimeingia ndani," akasema, akaipangusa bilauri yake na kuirudisha kwenye rafu.

Kazi ya dereva ni kungoja, na Devadanam alingoja kwa vitabu. Alimngoja Bibi Jokha hospitali, akamngoja arusini, akamngoja soko la Sharafiya akibishana na wauza vitambaa, na muda wote huo alisoma riwaya za Kitelugu zilizoletwa na watu waliotoka likizo. Akimaliza moja alikuja jikoni amekunja uso.

"Kafa tena."

"Nani?"

"Mtu wetu. Hata kitabu hakijafika katikati."

Alikuwa na mashtaka yake, na aliyarudia mpaka nikayajua kwa moyo. Mtu wa kwao akiingia kitabuni, ama afie kisimani, ama afie mtaroni, ama binti yake aharibiwe, ili mtoto wa tajiri apate kulia na kugeuka mtu mwema. Hali biriani. Hamwonei mtu wivu. Hamwibii mtu kuku. "Na kijiji changu kimejaa wezi wa kuku hodari," alisema kwa fahari. Walikuwapo Wadalit walioandika wenyewe, na hao aliwapenda, kwa sababu katika vitabu vyao watu walitukanana, wakapendana, wakacheka matangani. Lakini hivyo havikuwa vitabu vya kutolewa zawadi kwenye sherehe.

Nilimwelewa haraka, maana hata mimi hadithi iliwahi kunikataa. Dada mmoja kutoka Nairobi alinipigia video kwa imo, anakusanya habari za wasichana wa kazi za ndani atengeneze kijitabu. Akauliza kama napigwa. Nikasema hapana. Akauliza kama nanyimwa chakula. Nikageuza simu anione nilivyo. Akauliza pasipoti yangu iko wapi, nikasema ameishika Bwana Hilal, na hiyo aiandike, maana ni dhuluma. Akauliza kama usiku nalia. Nikamwambia usiku naota nimemfunga Bibi Jokha mdomo kwa mtandio. Akasema network ni mbaya, atanipigia kesho. Hakupiga.

Alimpata rafiki yangu Keziah, wa Riyadh. Keziah aliteswa kweli, alichomwa na pasi mkononi, na ilikuwa haki yaandikwe. Lakini Keziah ndiye mtu mwenye dhihaka kuliko wote niliowahi kukutana nao. Alikuwa akimwigiza madam wake anavyotembea, kwa simu tu, mpaka tunashika mbavu. Kijitabu kilipotoka, Keziah wa mle ndani hakucheka hata mara moja. Alinisomea ukurasa mzima, kisha akaniuliza, "Rael, huyu msichana ni nani? Mbona nataka kumchangia pesa?" Iliniuma sana, na mpaka sasa inaniuma.

Sasa, Watelugu wa Jeddah walikuwa na kikundi chao cha utamaduni, na katibu wake alikuwa huyo Bwana Sastry, mhandisi, mtu wa tabaka la juu kabisa. Kila mwaka walikodi istiraha nje ya mji, yaani bustani yenye ukuta na ukumbi wa kufanyia sherehe, wakaimba, wakacheza ngoma, na wakaonyesha mchezo mmoja wa kuigiza ulioandikwa na Bwana Sastry. Devadanam alikuwa akiwapangia viti kwa miaka. Alilitamani lile jukwaa kuliko alivyotamani mshahara. Alijua mistari ya waigizaji wote, na mara nyingi nilimkuta gereji akilitongoza tingatinga la plastiki la mjukuu wa Bibi kwa sauti ya mfalme.

Mwaka 2015 akaitwa. Bwana Sastry alimwambia amempa nafasi, tena nafasi kubwa. Devadanam akaja nyumbani anaimba. Akaketi kwenye ndoo, akafungua karatasi za mchezo, na wimbo ukamfia kooni.

Mchezo ulikuwa hivi. Mdalit mzee, asiye na jina, ana kiu. Anakwenda kwenye kisima asichoruhusiwa. Anapigwa. Anaomba maji, hapewi, anakufa. Mtoto wa mwenye mashamba anatokea, anaona maiti, anapiga magoti, analia, anageuka mtu mwema, anaongea peke yake kurasa nne. Huyo mtoto, kijana wa miaka ishirini, angeigizwa na Bwana Sastry mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka hamsini na tano na kitambi.

"Mimi nasema maneno matatu," Devadanam aliniambia. "Maji, maji, maji."

Mazoezi yakaanza, na mambo yakazidi. Bwana Sastry alitaka anyoe masharubu, kwa kuwa Mdalit wa kweli hana masharubu ya namna ile. Devadanam akamuuliza kama yeye ni wa bandia. Wakapatana yatalazwa chini kwa maji. Halafu Bwana Sastry akamwomba apunguze kula, maana watazamaji hawatamhurumia marehemu mnene. Na wakati wa mapumziko waigizaji wote walipewa chai kwenye vikombe vya kaure, yeye akapewa kwenye kikombe cha karatasi. Mke wa Bwana Sastry akamweleza kwa tabasamu kwamba si kwa ubaya, ni kwa vile madereva huwa na haraka.

"Kataa basi," nikamwambia. "Si lazima."

"Nikikataa watampa mwengine, kuna madereva tele. Na mie sitapanda tena pale."

Lililomkaba hasa lilikuwa binti yake, Sujata, aliyekuwa akisomea uuguzi mjini na kulala bwenini na wasichana wa kila tabaka. Miaka miwili alikuwa hajawaambia wenzake kwao ni upande gani wa kijiji, wasije wakajua tabaka lake. Devadanam alipomwambia kwamba atapanda jukwaani Jeddah, binti alifurahi, akaahidi kuwaonyesha wenzake video. Kisha akauliza, "Baba, unaigiza nani?" Baba akababaika. Binti akauliza tena, polepole, "Unakufa?"

"Kidogo," Devadanam alimjibu.

"Basi usiniletee. Wakitaka kutuona tumekufa, wana vitabu vya shule."

Alinihadithia hayo akiwa ameshika bilauri yake, na kwa mara ya kwanza masharubu yalikuwa yameanguka bila maji. Nilimwonea huruma, nami sina tabia hiyo. Angekufa, angemkosa binti. Angekataa kufa, angekosa jukwaa. Kumpa ushauri nilishindwa, nikampa chapati.

Siku yenyewe Bibi Jokha akasema naye anakwenda, nami nifuatane naye nimshike mkono. Neno la Kitelugu hajui hata moja, lakini Devadanam alikuwa amemsimulia mchezo wote garini na ulishamkera. "Hao ndio wale wale," alisema. "Mimi nikifungua televisheni, mtu wa rangi yangu akiingia ana sinia mkononi. Miaka hamsini nipo nchi hii, sijaona mweusi anayekaa kwenye kochi." Akavaa buibui lake zuri, akajitia udi.

Tukapewa viti vya mbele. Nyuma kabisa, kwenye nyasi, walikaa madereva, wafagiaji na mafundi waashi, waliotoka mtaa wa Al-Hindawiyah kwa gari la mizigo. Mimi nilishika simu ya Devadanam, kazi yangu kupiga video. Aliniambia, "Piga tu. Nikishajua cha kufanya nawe utajua."

Akaingia. Akasema maji, maji, maji. Akapigwa kwa fimbo ya karatasi. Akaanguka kando ya kisima cha maboksi, na pembeni yake kilikuwapo chombo cha shaba chenye maji ya kweli, kwa sababu Bwana Sastry alipenda uhalisi. Bwana Sastry naye akatokea, shati limembana, nywele zimepakwa wino. Akapiga magoti na kuanza kulia. Lazima niseme kweli, alijua kulia. Wanawake wa mstari wetu walitoa leso.

Ndipo maiti akaketi.

Aliketi bila haraka, kama mtu aliyeamshwa na njaa. Akayashika masharubu yake yaliyolowa, akayasokota upande mmoja, akayasokota wa pili, mpaka yakasimama. Madereva kule nyuma wakaanza kupiga miluzi. Akakichukua kile chombo cha shaba. Hapo lazima nieleze: watu wa kwao wakinywa kwenye chombo cha wote humimina maji kutoka juu, mdomo usiguse, maana chombo kikiguswa na mdomo kimechafuka kwa wengine, sembuse mdomo wa Mdalit. Devadanam akaweka mdomo wote, na masharubu yakaingia ndani. Alikunywa mpaka koo likasikika ukumbi mzima, akashusha chombo, akabeua. Kisha akamnyooshea Bwana Sastry kile chombo na kusema neno moja la Kitelugu. Halikuhitaji mkalimani. Alimwambia anywe.

Bwana Sastry alikipokea kwa kuwa mikono ilikuwa wazi. Alikitazama ndani. Machozi yaliganda. Kule nyuma mtu mmoja akasema lile neno, wa pili akalidaka, mara nyasi nzima ikawa inaimba: kunywa, kunywa, kunywa. Mke wake alikuwa karibu nasi, ameshika leso hewani. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka, na kicheko changu kimo kwenye video mpaka leo.

Bwana Sastry akakiinua chombo. Akakiinua zaidi, juu ya uso, juu ya paji, akajimwagia yale maji yote kichwani. Wino wa nywele ukamtiririka mashavuni. Akapiga yowe la uchungu, akaanguka kifudifudi na kulia kuliko siku zote za mazoezi, na mistari ya mbele ikasimama na kupiga makofi, wakidhani hiyo ndiyo sanaa. Devadanam alisimama katikati ya makofi yale, mikono kiunoni, na mstari wa nyuma haukupiga makofi kabisa. Walikuwa wakigaragara kwa kicheko.

Nyuma ya pazia aliambiwa kwamba ameharibu kazi ya mwaka mzima na asirudi tena, hata kupanga viti. Alitoka ameshika viatu. Aliwasha gari, akaituma ile video, tukaingia barabara kuu. Kisha Bibi Jokha akaanza.

"Kajimwagia," akasema, akapiga paja. "Wallahi kajimwagia. Afadhali kuoga mbele za watu kuliko kunywa." Akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka mahali pake. Alimwigiza Bwana Sastry, alimwigiza mkewe, akamwapiza yeye na ukoo wake. Nilimpenda sana Bibi Jokha jioni ile. Kwa kucheka huko koo likamkauka, akakohoa.

"Devadanam, una maji humo?"

Devadanam akainua chupa iliyokuwa kwenye mfuko wa mlango wake wa gari, imefika nusu. "Haya hapa, Bibi. Nimeyanywa mie lakini."

Mkono wa Bibi Jokha ulikuwa umeshanyooka. Ukasita, ukarudi kwenye buibui, ukaanza kutafuta mkoba.

"Simama hapo kwenye duka," akasema. "Nunua ya baridi. Nunua tatu, kila mtu na yake."

Hakusema kwa ubaya, ulikuwa ukarimu wake wa kila siku. Devadanam alisimamisha gari, akanunua chupa tatu, akatugawia. Alipokaa tena kwenye usukani nikaona mabega yake yanatikisika.

"Wacheka nini?" Bibi akamuuliza.

"Sicheki, Bibi."

Bibi akanywa. Katikati ya kunywa akaishusha chupa, akaitazama ile yangu, akaitazama ile ya Devadanam. Hakuwa mjinga, Bibi Jokha. Akaifunga chupa, akaiweka mapajani mpaka Aziziya.

Getini nilimfungulia mlango, lakini hakushuka. "Devadanam," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Hebu nipe ile chupa yako."

"Ipi, Bibi?"

"Ile ya kwanza. Uliyoinywa."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi niliona, na Devadanam aliona kwenye kioo.

"Yamekwisha, Bibi," akamjibu kwa upole.

Bibi akashuka, akaniegemea, nami nikampeleka ndani na kumvua viatu. Niliporudi kufunga geti nilimkuta Devadanam ameegemea gari, anasoma simu yake.

"Sujata anasema nimenenepa," akaniambia. "Anasema ameshalionyesha bweni zima ile video."

"Mbona hukumpa Bibi? Maji yapo."

"Nimeshaliliwa mara moja leo, mwanangu. Yatosha."

Akaitoa ile chupa kwenye mlango wa gari, akaweka mdomo wote, akayamaliza.